Ushauri wa Sita

Kila kitu kinachouzwa dukani kwetu kimetengenezwa ili kichomwe moto. Mashati ya karatasi, viatu vya karatasi, pikipiki, simu, nyumba za ghorofa zenye watumishi wa karatasi mlangoni, na mafungu ya noti za ahera yaliyofungwa kwa uzi mwekundu. Watu wananunua, wanaandika jina la marehemu wao, wanachoma, na moshi unafikisha mzigo unakotakiwa. Ndiyo kazi ya mtaa wetu hapa Hanoi. Kwa hiyo moto hatuuogopi. Tumeuzoea kama watu wa mgahawa walivyozoea mvuke.

Mimi ndiye niliyeanza kuuogopa, mwaka ule, mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi ulipokuwa unakaribia.

Nyumba yetu ni kama bomba. Upana wake ni mlango na mikono miwili tu, lakini ukiingia unakwenda, unakwenda. Mbele ni duka, nyuma yake ghala, kisha jiko, kisha ngazi ya mbao, na juu ya ngazi ni chumba cha Bibi. Bibi ana miaka themanini na minne na miguu yake imekataa kazi tangu nikiwa mtoto. Dirisha lake lina nondo kwa sababu ya wezi. Katikati ya nondo kuna kijimlango cha kupitia mtu, kimefungwa kwa kufuli lililokula kutu, na ufunguo wake hakuna aliyewahi kuniambia uko wapi. Mtu akitaka kutoka katika nyumba ile, awe mzima au mgonjwa, anapita mlango wa duka.

Duka ni la Shangazi Thuc, dada wa marehemu baba. Mimi naitwa Luyen. Niliacha shule darasa la nne ili nimuuguze Bibi, na sasa nina miaka kumi na tisa. Watu wakija wanamwuliza Shangazi, "Huyu mtoto ana ulimi kweli?" Ninao. Ila maneno yakifika kooni yanaona haya.

Mteja wa kwanza wa siku ndiye anayefungua duka. Akiwa na mguu mwepesi, akanunua bila maneno mengi, wateja wanafuatana nyuma yake kama siafu. Akiwa na mguu mzito, akapekuapekua, akauliza bei, akaondoka mikono mitupu, siku imekufa. Hapo Shangazi anachukua gazeti, analisokota, analiwasha kwa kiberiti cha gesi, anazunguka nalo juu ya bidhaa na pale mlangoni, hata juu ya alama za viatu za yule mtu, huku anasema kwa sauti, "Mguu mwema baki, mguu mbaya nenda! Nenda, nenda, nenda!" Akimaliza analitupa barabarani na kulikanyaga.

Kwa hiyo sisi wenyeji hatuingii dukani asubuhi kama hatuna nia ya kununua. Kama unataka kupekua, njoo baada ya chakula cha mchana. Hili hatufundishwi na mtu. Mtoto analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Zamani Shangazi alikuwa anawasha gazeti mara moja kwa mwezi, labda mbili. Mwaka ule alianza kuwasha kila siku. Na aliyeyaleta hayo ni mimi.

*

Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka letu, kuna nyumba ya wageni ya Dada Quyen. Siku moja ya mvua nilimpelekea taa za karatasi alizoagiza. Nilimkuta mapokezi na kalamu mdomoni.

"Luyen, mdogo wangu, umeletwa na mbingu," akasema. "Hebu kaa. Wageni wangu wananiua. Huyu kaporwa begi, yule kasimama katikati ya barabara analia, mwingine kabandikwa gundi kwenye kiatu kizima kabisa akalipishwa bei ya viatu vipya. Nawaandikia karatasi ya ushauri."

Akanisomea. La kwanza, ukivuka barabara tembea polepole, usisimame wala usirudi nyuma, pikipiki zitakukwepa zenyewe. La pili, ziwani nenda alfajiri, wazee wakiwa kwenye mazoezi na jua halijakasirika. La tatu, begi livae upande wa ukuta, na mtu yeyote akilishika, vuta na upige kelele. La nne, fundi viatu akikurukia na gundi, ondoa mguu kwanza. La tano, supu ya tambi kula mahali wenyeji wanapopanga foleni, hata kama viti ni vya kitoto.

"Sasa la sita," akasema, "kununua vitu. Mimi najua mashuka na sabuni. Wewe ndiye mtu wa dukani. Niambie."

Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza nimshauri kitu.

"Waje mapema," nikasema.

"Enhe."

"Mteja wa kwanza hakataliwi. Shangazi anampunguzia bei ili amfungulie siku."

"Ala! Hili wageni watalipenda. Jingine?"

Jingine lilikuwepo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: ila asiondoke bila kununua. Lakini pale pale wakashuka ngazi wageni wanne na mizigo yao, wakajaa sebule nzima, na mmoja akanitazama akatabasamu meno yote nje. Nikainamisha kichwa. Na moyoni nikajiambia, hilo jingine nani asiyelijua?

"Ni hilo tu, dada."

"Basi la saba naweka lile la kila mtu," akasema huku anaandika. "Anza na nusu ya bei. Wakikataa, ondoka taratibu. Watakuita."

Nikatoka mbio kwenye mvua, na furaha yangu. Wiki ile ile akatoa fotokopi kwenye karatasi za rangi ya waridi, kwa Kiingereza, akaweka moja katika kila chumba.

*

Walianza kuja wawiliwawili. Saa moja asubuhi, mlango wa chuma ukiwa umenyanyuliwa nusu, unaona viatu vya safari vimesimama nje, na karatasi ya waridi mkononi. Wanaingia, wanashika taa, wanashika farasi wa karatasi, wanauliza bei. Shangazi, kwa kuwa hao ni wateja wa kwanza, anapunguza papo hapo, na roho inamuuma. Wao wanasema nusu. Shangazi anatikisa kichwa. Wao wanatabasamu na kuondoka taratibu, hatua moja, hatua mbili, wanasubiri kuitwa.

Hawaitwi. Nyuma yao wanasikia mlio wa kiberiti, na wakigeuka wanaona mwanamke amewasha moto anawapungia. Wengine walipiga picha.

"Watu wa wapi hawa!" Shangazi alifoka siku ya kwanza, jivu likimwangukia kwenye nywele. "Mama zao hawakuwalea?"

"Wanakuona unacheza ngoma," alisema Bi Xoan. Bi Xoan anauza chai ya barafu kwenye kibaraza mbele ya duka letu, na ndoo yake kubwa ya barafu, na vigoda vinne vya plastiki. "Kesho toza kiingilio."

"Cheka tu. Nikimjua aliyewatuma hawa, namwashia gazeti usoni."

Mimi nilikuwa nakunja mashati. Nilikunja shati moja mara tatu.

Siku ya pili walikuja wawili tena. Siku ya tano walikuja makundi matatu kabla ya saa mbili, na Shangazi akawasha mara tatu. Biashara ilikuwa mbovu kweli, kwa sababu wenyeji wetu wakipita asubuhi na kuona moshi mlangoni wanajua duka lina mkosi, wanakwenda duka la jirani. Na kadiri siku zilivyokuwa mbaya, Shangazi naye akawa anawasha gazeti kubwa zaidi na kulizungusha muda mrefu zaidi. Hakulipeleka tena barabarani likiwa na moto. Aliingia nalo mpaka ndani, kwenye rafu, kwenye kona, mpaka mlango wa ghala, eti nuksi imejificha.

Niliona boriti ya juu ya mlango imeanza kuwa nyeusi. Asubuhi moja nikakuta farasi mmoja ana tundu shingoni, tundu la duara, kingo zake za kahawia. Cheche ilikuwa imetua pale, ikafikiri, ikazimika yenyewe. Nililiziba kwa kipande cha karatasi nyekundu, nikamgeuza yule farasi atazame ukutani.

Na kila asubuhi moshi ulipanda ngazi. Nikimpelekea Bibi uji, namkuta ameinua pua.

"Nani amekufa?" ananiuliza.

"Hakuna, Bibi. Ni Shangazi anafukuza mkosi."

"Mbona kila siku?"

Namlisha. Siku moja alinishika mkono kabla kijiko hakijafika mdomoni. Mkono wake ni mwepesi kama bidhaa zetu.

"Luyen, niambie kweli. Mnanichomea mimi?"

"Bibi! Wewe si uko hapa?"

"Ndiyo nashangaa," akasema. "Naona kama vitu vinanifikia."

Niliweka bakuli chini, nikaenda dirishani, nikashika lile kufuli na kulivuta. Kutu iliniachia rangi kiganjani. Nondo hazikutikisika hata kidogo.

*

Nilitaka kusema, msinidhanie kwamba sikutaka. Jioni ile nilivuka barabara kwenda kwa Dada Quyen. Nilikuwa nimepanga maneno tangu mchana, machache, kama mtu anayepanga mawe ya kuvukia maji: dada, lile la sita, ongeza kidogo.

Alikuwa anapokea simu mbili. Aliponiona akaziweka zote chini.

"Huyo hapo mshauri wangu! Unajua wageni wanapenda ushauri gani kuliko wote? Wa kwako! Jana mmoja kaniambia anarudi kwao kuwahadithia wenzake." Akanisukumia topetope mbili mkononi, zimeiva zinanukia. "Chukua, kula na bibi yako. Nimeongeza nakala mia."

"Dada," nikasema.

"Sema, mdogo wangu."

Alikuwa ananitazama kwa furaha sana. Kama ningesema, ile furaha ingetoka usoni mwake, na angevuka barabara kumwomba Shangazi radhi, na Shangazi angejua ni mimi.

"Asante kwa topetope," nikasema.

Nilirudi nyumbani nimeikasirikia nafsi yangu hata sikuweza kula zile topetope.

Usiku nikapata wazo jingine. Kama mteja wa kwanza angekuwa mtu mwema, mwenye kununua haraka, wageni wangekuwa wa pili, na wa pili hana uzito. Asubuhi, kabla hatujafungua, nikamwendea Bi Xoan akiwa anavunja barafu kwa nyundo.

"Bi Xoan, naomba leo uwe wa kwanza dukani. Nunua kifurushi cha noti za ahera, pesa nakupa mimi."

Aliacha kuvunja barafu. Sikuwa nimewahi kumwambia maneno mengi namna ile.

"Mwanangu, mume wangu hajatimiza mwaka kaburini. Mguu wangu mzito kama jiwe la kusagia. Nikikanyaga pale Thuc atachoma mpaka kope zangu." Akanitazama vizuri. "Na tangu lini wewe unahangaikia biashara? Unaogopa nini?"

"Moto," nikasema.

"Hee! Mtoto wa mtaa wa karatasi anaogopa moto. Samaki naye ataogopa maji." Akacheka, lakini akatupa jicho kule ndani ya duka, kwenye giza la ghala, mpaka kwenye ngazi, na kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. "Mwambie Shangazi yako," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Sikumwambia.

*

Siku mbili kabla ya mwezi mpevu wa mwezi wa saba, duka letu huwa halina pa kuweka mguu. Ndiyo siku ambazo mji mzima unawakumbuka wafu wake, na hata wale wafu wasio na mtu wa kuwakumbuka wanapewa uji na noti kidogo. Mzigo ulikuwa umefika jana yake kwa pikipiki sita. Mashati yalining'inia kwenye kamba kutoka mlangoni mpaka jikoni, nyumba za ghorofa zilibanana hadi darini, na noti za ahera zikakosa nafasi, Shangazi akazipanga kwenye ngazi ya Bibi, mafungu kila kipandio, ukabaki upenyo wa kupitisha unyayo mmoja.

"Shangazi, kwenye ngazi..." nilisema.

"Siku mbili tu. Kesho kutwa zote zitakuwa zimeondoka."

Hewa ilikuwa nzito, mvua inatishia haitaki kunyesha. Feni ilikuwa inazunguka mbele ya duka, ikipeperusha mikono ya mashati yale, yote kwa pamoja, kama watu wanaomwita mtu.

Saa moja na robo akaingia mwanamke mrefu, mgeni, nywele kama majani makavu, begi mgongoni, karatasi ya waridi mkononi. Peke yake. Shangazi akamwona, nikaona mabega yake yakipanda.

"Mungu wangu, si leo," akanong'ona. "Leo ni siku ya kuuza mwaka mzima."

Alijitahidi, Shangazi yangu. Alitabasamu. Alimpa taa nzuri kuliko zote, akaandika bei kwenye kikokotoo, bei ambayo hata sisi tungenunulia. Yule mwanamke akatazama karatasi yake, akaandika nusu. Shangazi akaandika tena, chini zaidi. Alikuwa anamsihi kwa macho. Mgeni akatikisa kichwa kwa upole, akarudisha taa, akageuka. Hatua moja. Hatua mbili.

Shangazi alikuwa ameshika gazeti tayari. Nikasikia kiberiti.

Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nilikuwa nimeona ngazi, nimeona feni, nimeona mikono ile yote inayopunga. Nilimpita Shangazi, nikatoka nje, nikamkimbilia yule mwanamke. Nilitaka kumwambia nunua, chochote, hata kifurushi kimoja, nakulipia mimi. Sikuwa na lugha yake, na yangu ilikuwa imeganda. Kwa hiyo nikafanya anachoweza kufanya mtu asiye na maneno. Nikamshika begi.

Alipiga ukelele, mtaa mzima ukageuka. Akavuta kwa nguvu zake zote, kama alivyoshauriwa, akazunguka na begi likazunguka naye, likampiga Shangazi mkononi, pale kizingitini, na lile gazeti linalowaka likaruka likapita juu ya kichwa changu kuingia ndani.

Lilitua kwenye shati. Shati jeupe, la mtoto.

Moto haukutoa mlio mkubwa. Ulitoa mlio kama mvua inayoanza juu ya majani. Ukapanda shati, ukashika kamba, ukaanza kutembea kwenye kamba kuelekea ndani, shati baada ya shati, bila haraka, kama mtu anayekagua foleni.

"Mama!" Shangazi akapiga kelele. Hakuwa ananiita mimi wala mtu yeyote wa barabarani. "Mama yuko juu!"

Niliingia nimeinama. Cheche zilikuwa zinaniangukia shingoni. Nilipita ghala, nikapita jiko, nikafika kwenye ngazi, nikaanza kuyatupa yale mafungu nyuma yangu kwa mikono miwili, utajiri wote ule wa wafu, mpaka nikapata pa kukanyaga. Juu kulikuwa na moshi tayari. Bibi alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, ametulia.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Bibi. Hakuna."

Nilishika kijimlango cha nondo nikakivuta. Nilining'inia kwenye lile kufuli kwa uzito wangu wote. Halikuachia. Nikalowesha shuka la kitandani kwa maji ya kunywa, nikamfunika Bibi uso, nikamlaza sakafuni, nikalala juu yake, na nikasikiliza ule mlio wa mvua ukija.

Kisha nikasikia mlio mwingine. Maji mazito, na barafu inayogonga sakafu. Halafu mlio wa kupuliza, mrefu. Halafu watu wanakohoa, na sauti ya Bi Xoan inatukana mababu wa kila mtu. Mlio wa mvua ukasimama.

*

Ndoo ya Bi Xoan, barafu na chai na yote, iliukata moto kwenye mlango wa ghala. Mtungi wa kuzimia moto wa Dada Quyen uliumaliza. Kamba ilikuwa imeungua nusu. Nilipofika kwenye kichwa cha ngazi niliwaona chini, kwenye moshi: Bi Xoan amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Dada Quyen ameshika mtungi kama mtoto mchanga, yule mgeni amesimama nje barabarani, mikono mdomoni, machozi yanamtoka. Na Shangazi Thuc, amelowa chai kichwani mpaka miguuni, nusu ya nyusi imeondoka, anatafuta kitu kwenye rafu.

"Gazeti," alikuwa anasema. "Gazeti kavu liko wapi? Ametutia moto na hakununua! Mguu gani huu? Nipeni gazeti!"

"Thuc, umerukwa na akili?" Bi Xoan akasema.

"Usipoufukuza utarudi! Utarudi!"

Akalipata. Akalisokota. Nikasikia kiberiti: tik. Kilikuwa kimelowa. Tik. Tik. Tik.

Miguuni pangu, kwenye ngazi, kulikuwa bado na mafungu matatu. Nyuma yangu Bibi alikuwa anakohoa.

"Mguu mzito ni wangu," nikasema.

Hakusikia. Tik. Tik.

"Shangazi!" Sauti ilitoka kubwa, sikuijua. "Mguu mzito ni wangu! Mimi ndiye niliyewatuma. Mimi nilimwambia Dada Quyen waje mapema, mteja wa kwanza hakataliwi. Sikumwambia asiondoke bila kununua. Nilisema nusu tu ya ushauri. Wao hawana kosa, wameambiwa hivyo. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini mimi nakaa hapa juu na Bibi. Ukiwasha, unatuwashia sisi."

Nikaketi kwenye kipandio cha juu kabisa.

Dada Quyen ndiye aliyesema kwanza, polepole. "Lakini hilo si kila mtu analijua? Asubuhi huondoki bila kununua. Mimi mwenyewe nalijua."

"Kila mtu nani?" Bi Xoan akamwuliza, na akaonyesha kidole nje, kwa yule mwanamke mrefu anayelia.

Shangazi alikuwa ananitazama. Kiberiti kilipiga mara moja tena, tik, na safari hii kikawaka, kimwali kidogo cha bluu, kikasimama mbele ya uso wake. Aliutazama ule mwali, akatazama kamba iliyoungua, akaifuata kwa macho kutoka mlangoni mpaka kwenye ghala, mpaka kwenye ngazi, mpaka kwangu, na nyuma yangu.

Kidole chake kikaachia.

"Xoan," akasema, "nipe nyundo yako ya barafu."

Alipanda ngazi akiokota yale mafungu matatu moja moja. Alinipita bila kunigusa. Alianza kulipiga lile kufuli, na kila pigo Bibi alikuwa anafumba macho. Ilichukua muda mrefu kuliko mtu angefikiri. Lilipokatika, Bibi akaomba abebwe mpaka dirishani, akatoa mkono nje, akauacha hapo hewani, anageuza kiganja juu na chini. Mvua ilikuwa imeanza, ya kweli.

Shangazi hakunisemesha siku ile, wala siku iliyofuata. Lakini jioni aliniwekea kipande kinono cha nyama ya bata juu ya wali wangu, na hilo kwake ni maneno mengi.

*

Dada Quyen aliziokota karatasi zake zote za waridi, chumba kwa chumba, akazichana. Akaandika upya, na la sita akalifanya refu, akanisomea mara mbili nihakikishe.

"Zimeisha?" nikamwuliza.

Akakuna shingo. "Za karatasi zimeisha. Ila wageni wanapiga picha, mdogo wangu. Wanatumiana. Jana kaja kijana hajawahi kulala kwangu, anayo kwenye simu. Kasema kaipata kwa mtu wa nchi nyingine kabisa."

Asubuhi ya mwezi mpevu niliamka mapema kuliko Shangazi, nikanyanyua mlango wa chuma, nikatoka kibarazani. Saa moja ilikuwa haijafika vizuri. Wageni walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona saa ile, wawiliwawili, wanatembea taratibu wakitazama simu zao, wakisimama kwenye kila mlango ulio wazi.

Nikaona moshi wa kwanza upande wa kulia, duka la tatu. Wa pili ukatoka ng'ambo, karibu na fundi ngoma. Kisha wa tatu, mbali, mwishoni mwa mtaa. Nikasikia sauti za wanawake, moja inaidaka nyingine: nenda, nenda, nenda. Madukani mote mashati yalikuwa yananing'inia mpaka mlangoni.

Juu ya duka la tatu kuna dirisha lenye nondo. Nyuma ya nondo mzee mmoja aliyevaa fulana nyeupe alikuwa amesimama, ameshika chuma kwa mikono miwili, anatazama chini kuona moshi unatoka wapi.

Maneno yakaniganda kooni kama kawaida yao. Nilivaa ndala zangu, nikaanza kwenda huko nayo hivyo hivyo.